Fahamu Kinga ya Seli: Namna Mwili Unavyokabiliana na Anuwai Mpya za Virusi

Na Mwandishi Wetu, Tukuyu – Rungwe

Tarehe 28 Julai, 2021 Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, alizindua chanjo ya UVIKO-19 nchini kwa kuchanjwa yeye mwenyewe hadharani. Chanjo iliyoanza kutolewa ilikuwa ya Janssen, ambayo dozi zake 1,058,400 zilikuwa zimepokelewa siku chache kabla. Miezi minne baadaye, tarehe 26 Novemba, 2021, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kuwapo kwa anuwai mpya ya kirusi hicho, iliyopewa jina la Omicron. Anuwai hiyo ilikuwa na mabadiliko zaidi ya 30 katika protini ya miiba, yaani sehemu ile ile ya kirusi ambayo chanjo nyingi zilitengenezwa ili mwili uitambue.

Hapo ndipo lilipozaliwa swali ambalo hadi leo huulizwa katika vituo vya kutolea huduma za afya: ikiwa kirusi kimebadilika, chanjo niliyopata ina faida gani?

Kwa wananchi wa Wilaya ya Rungwe, swali hilo si la nchi za mbali. Mji wa Tukuyu, makao makuu ya wilaya, upo kwenye barabara kuu inayotoka Uyole jijini Mbeya kuelekea mpaka wa Kasumulu, ambako Tanzania inapakana na Malawi. Ndizi, chai, maparachichi na abiria hupita katika barabara hiyo usiku na mchana, na maradhi ya kuambukiza hupita njia hiyo hiyo. Aidha, Mkoa wa Mbeya una historia ndefu ya utafiti kuhusu namna kinga ya mwili inavyopambana na virusi vinavyobadilika, kwa kuwa Virusi vya UKIMWI (VVU) vilivyopo mkoani humo ni vya aina zaidi ya moja.

Makala hii inaeleza kinga ya seli ni nini, kwa nini haidanganywi kwa urahisi na anuwai mpya, ni wakati gani nayo hushindwa, na mwananchi afanye nini ili kuilinda.

Sehemu mbili za kinga

Kirusi kinapoingia mwilini, kinga mahususi hujibu kwa njia mbili zinazosaidiana.

Njia ya kwanza ni kingamwili. Hizi ni protini zinazotengenezwa na chembe nyeupe za damu ziitwazo seli B. Kingamwili huelea katika damu na katika majimaji ya mwili, hukishika kirusi kikiwa bado nje ya seli, na kukizuia kisiingie ndani. Kwa kuwa hukutana na kirusi kwa nje, huona umbo lake la juu tu.

Njia ya pili ni kinga ya seli, ambayo watendaji wake wakuu ni seli T. Seli hizi huzaliwa katika uboho wa mifupa, kisha hukomaa katika tezi ya thaimasi iliyopo kifuani, na herufi T katika jina lake imetokana na jina la tezi hiyo. Zipo seli T saidizi, zinazojulikana kitaalamu kama CD4, ambazo kazi yake ni kuzielekeza na kuzipa nguvu seli nyingine za kinga, zikiwamo seli B zinazotengeneza kingamwili. Zipo pia seli T angamizi, au CD8, ambazo hutafuta seli za mwili zilizokwisha kuvamiwa na kuziua kabla hazijazalisha virusi vingine.

Baada ya ugonjwa kupita, sehemu ndogo ya seli hizo hubaki kama seli za kumbukumbu. Virusi vya aina hiyo vikirudi, seli hizo huongezeka kwa haraka kuliko mara ya kwanza. Chanjo hufanya kazi hiyo hiyo ya kuweka kumbukumbu, bila mtu kulazimika kuugua kwanza.

Anuwai mpya hutokeaje

Kirusi hakiwezi kuzaliana chenyewe. Huingia katika seli ya kiumbe hai na kuitumia kujinakili. Katika kunakili huko hutokea makosa madogo katika vinasaba vyake. Makosa mengi hayana athari, na mengine hukidhoofisha kirusi chenyewe. Hata hivyo, machache hukipa nafuu fulani, kwa mfano kuenea kwa urahisi zaidi au kuzikwepa kingamwili ambazo watu wengi tayari wanazo. Kizazi chenye nafuu hiyo kinapoenea hadi kutambulika, wataalamu hukiita anuwai mpya.

Jambo la kuzingatia ni kwamba anuwai hutokea pale tu virusi vinapozaliana. Kila maambukizi yanayozuiliwa, na kila maambukizi yanayomalizwa mapema, hupunguza nafasi ya makosa hayo kutokea.

Kwa nini seli T hazidanganywi kwa urahisi

Wakazi wa Tukuyu, mji wenye mvua kwa sehemu kubwa ya mwaka, wanaweza kulielewa jambo hili kwa mfano mwepesi. Mlinzi anayemtambua mhalifu kwa koti lake la mvua atapotezwa siku mhalifu huyo akibadili koti. Mlinzi anayemfahamu kwa sauti, mwendo, kovu la mkononi na sura ataendelea kumtambua hata akibadili mavazi yote. Kingamwili zinafanana na mlinzi wa kwanza, na seli T zinafanana na wa pili.

Sababu ya tofauti hiyo ni namna seli T zinavyopata taarifa. Karibu kila seli ya mwili huvunjavunja sehemu ya protini zilizomo ndani yake na kuonesha vipande vyake juu ya ngozi ya seli, vikiwa vimeshikiliwa na protini maalumu ziitwazo HLA. Seli yenye afya huonesha vipande vyake yenyewe tu. Seli iliyovamiwa huonesha pia vipande vya kirusi, na seli T angamizi ikiviona hujua kuwa ndani kuna adui. Vipande hivyo ni vifupi mno; vinavyosomwa na seli T angamizi kwa kawaida huwa na asidi amino 8 hadi 11 tu.

Kutokana na utaratibu huo, kinga ya seli hupata nguvu tatu dhidi ya anuwai mpya.

Kwanza, inasoma sehemu za ndani ya kirusi pamoja na sehemu za nje. Protini za ndani hazibadiliki ovyo, kwa kuwa nyingi zinabeba kazi ambayo kirusi hakiwezi kuishi bila hiyo.

Pili, inasoma vipande vingi kwa wakati mmoja. Kirusi kikibadili vipande viwili au vitatu, vingine vingi hubaki kama vilivyokuwa, na kila kimoja kina seli T zake zinazokitambua.

Tatu, protini za HLA hutofautiana baina ya mtu na mtu, hata kwa ndugu wa tumbo moja. Hivyo vipande vinavyooneshwa katika mwili wa mtu mmoja si lazima viwe ndivyo vinavyooneshwa katika mwili wa jirani yake. Kirusi kilichobadilika kikamkwepa mmoja kinaweza kutambuliwa mara moja na mwingine. Tofauti hizo ni ngao ya jamii nzima.

Ushahidi kutoka kwa Omicron

Maelezo hayo yalipimwa mara baada ya Omicron kutokea. Mwanzoni mwa mwaka 2022, watafiti wa Cape Town nchini Afrika Kusini walichapisha matokeo ya uchunguzi wa damu za watu waliochanjwa kwa chanjo ya Janssen au Pfizer, pamoja na watu ambao hawakuchanjwa lakini walikuwa wameugua UVIKO-19 na kupona. Ilibainika kuwa, ingawa kingamwili nyingi zilishindwa kuizuia Omicron, kati ya asilimia 70 na 80 ya mwitikio wa seli T dhidi ya protini ya miiba ulibaki pale pale.

Matokeo hayo yana uzito kwa Tanzania kwa sababu chanjo ya Janssen ndiyo iliyotangulia kutolewa hapa nchini. Yanasaidia pia kueleza jambo lililowashangaza wengi wakati huo: watu waliochanjwa waliambukizwa Omicron, wakapata mafua na homa, lakini wengi wao hawakufikia hatua ya kuhitaji hewa ya oksijeni.

Kumbukumbu ya seli T inaweza pia kudumu kwa muda mrefu. Mwaka 2020, watafiti wa Singapore waliwachunguza watu waliougua SARS, ugonjwa unaosababishwa na kirusi cha jamii moja na cha UVIKO-19, katika mlipuko wa mwaka 2003. Miaka 17 baada ya kupona, watu hao bado walikuwa na seli T zinazokitambua kirusi cha SARS, na baadhi ya seli hizo zilitambua pia sehemu ya kirusi kipya cha UVIKO-19.

Funzo la VVU mkoani Mbeya

Ikiwa UVIKO-19 inaonesha ubora wa kinga ya seli, VVU vinaonesha mipaka yake. Kuhusu jambo hili, Mkoa wa Mbeya, ambao Rungwe ni mojawapo ya wilaya zake, umechangia maarifa yanayotumika duniani kote.

VVU hubadilika kwa kasi kubwa. Mkoani Mbeya zinapatikana aina A, C na D za VVU-1, pamoja na virusi mchanganyiko vinavyotokea pale aina mbili zinapokutana katika mwili wa mtu mmoja. Kuanzia mwaka 2000 hadi 2004, wanawake 600 waliokuwa wakifanya kazi katika baa na nyumba za wageni mkoani humo walikubali kufuatiliwa kiafya katika utafiti uliojulikana kwa jina la HISIS. Damu waliyojitolea iliwezesha uchunguzi wa seli T ambao matokeo yake yalichapishwa katika majarida ya kimataifa.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionesha kuwa watu ambao seli T angamizi zao zilitambua vipande kadhaa vya protini ya kiini cha kirusi, iitwayo Gag, walikuwa na virusi vichache zaidi katika damu, hata kabla ya kuanza dawa. Kwa maneno mengine, ubora wa kinga ya seli ulitegemea mahali inapolenga kuliko ukali wake kwa ujumla. Ikilenga sehemu ambazo kirusi hakiwezi kuzibadili bila kujidhuru, humbana adui. Ikilenga sehemu zinazobadilika kirahisi, adui hubadilika na kuponyoka.

Utafiti wa kundi hilo uliochapishwa mwaka 2009 ulionesha upande wa pili: badiliko dogo katika kirusi, au tofauti ndogo katika HLA ya mtu, linaweza kugeuza kabisa matokeo ya mapambano hayo. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba seli T haziwezi kukwepwa. Kirusi kinachokaa mwilini kwa miaka mingi, kikizaliana kila siku, hupata muda wa kutosha kuzikwepa moja baada ya nyingine. UVIKO-19 na mafua kwa kawaida hukaa mwilini kwa siku au majuma machache, na hapo ndipo tofauti kubwa ilipo.

Kutoka maabara kwenda kwenye chanjo

Maarifa hayo yaliifanya Mbeya kuwa mojawapo ya maeneo ya majaribio ya chanjo za VVU. Kuanzia mwaka 2006, washiriki 324 kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, wakiwamo wa Mbeya, walishiriki jaribio la chanjo iliyotengenezwa kwa kutumia vipande vya aina mbalimbali za VVU, kwa lengo la kufundisha seli T kutambua zaidi ya aina moja. Majaribio ya TaMoVac yalifuata, yakizishirikisha Tanzania na Msumbiji.

Jaribio jingine ni PrEPVacc, lililoanza Desemba 2020 katika miji ya Mbeya na Dar es Salaam, Masaka nchini Uganda na Durban nchini Afrika Kusini, likiwa na washiriki 1,512. Mnamo Novemba 2023 utoaji wa chanjo ulisitishwa, baada ya kamati huru ya wataalamu kuona kuwa hakukuwa na matumaini ya chanjo hizo kuzuia maambukizi.

Mwananchi anapaswa kuelewa matokeo hayo jinsi yalivyo. Hadi sasa hakuna chanjo ya VVU iliyothibitishwa duniani, na yeyote anayedai kuwa nayo anapotosha. Hata hivyo, washiriki wa majaribio hayo waliwapa watafiti taarifa sahihi kuhusu njia isiyofaa, na hilo ni sehemu ya kazi ya kutafuta njia itakayofaa.

Kinga ya seli inapodhoofika

VVU hushambulia seli T saidizi zenyewe, yaani CD4. Mtu mzima mwenye afya huwa na takribani seli 500 hadi 1,500 katika kila maikrolita moja ya damu. Zinaposhuka chini ya 200, mtu huhesabiwa kuwa katika hatua kubwa ya ugonjwa wa VVU.

Athari hiyo haingoji hadi hatua za mwisho. Utafiti uliofanyika Mbeya na kuchapishwa mwaka 2008 ulionesha kuwa seli T saidizi zinazokikumbuka kimelea cha kifua kikuu hupungua mapema baada ya mtu kuambukizwa VVU. Hii ni mojawapo ya sababu zinazofanya kifua kikuu kimwandame mtu mwenye VVU hata kama kwa nje anaonekana mwenye nguvu.

Kinga ya seli iliyodhoofika pia hukipa kirusi kingine muda wa kubadilika. Mjini Durban, mwaka 2021, watafiti walieleza habari za mgonjwa mmoja mwenye VVU ambavyo havikuwa vimedhibitiwa kwa dawa. Kirusi cha UVIKO-19 kilikaa mwilini mwake kwa siku 216, na katika muda huo kilikusanya mabadiliko zaidi ya 30. Alipobadilishiwa dawa na VVU vikadhibitiwa, mwili wake ulikiondoa kirusi cha UVIKO-19.

Taarifa hiyo haipaswi kutumika kumnyooshea kidole mtu yeyote. Funzo lake ni kwamba matibabu ya VVU yanamlinda mgonjwa na yanailinda jamii nzima dhidi ya anuwai mpya za magonjwa mengine.

Kwa Mkoa wa Mbeya, jambo hili lina uzito wa pekee. Utafiti wa Taifa wa viashiria vya VVU na UKIMWI wa mwaka 2022/2023 ulionesha kuwa kiwango cha maambukizi kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi kitaifa ni asilimia 4.4, wakati mkoani Mbeya ni asilimia 9.6. Kati ya watu wanaoishi na VVU nchini, asilimia 82.7 walikuwa wanafahamu hali zao. Kati ya hao, asilimia 97.9 walikuwa wanatumia dawa, na kati ya wanaotumia dawa, asilimia 94.3 walikuwa wamefubaza virusi. Takwimu hizo zinaonesha kuwa dawa zinafanya kazi. Pengo kubwa lililobaki ni la wasiojua hali zao.

Mambo ambayo kinga ya seli haiwezi kufanya

Ili kuepuka upotoshaji, mipaka ifuatayo izingatiwe.

Seli T hazimzuii mtu kuambukizwa. Huanza kazi baada ya baadhi ya seli za mwili kuvamiwa, na huhitaji siku kadhaa kuongezeka. Kazi yake kubwa ni kuzuia ugonjwa usiwe mkali. Kwa hiyo mtu aliyechanjwa anaweza kuambukizwa na kumwambukiza mwingine.

Seli T hazipimwi kwa kipimo cha haraka. Kipimo cha UVIKO-19 kinachofanyika kituoni huonesha kuwapo kwa kirusi, si nguvu ya kinga. Kipimo cha CD4 nacho huhesabu seli T saidizi zote kwa jumla, hakielezi ni ngapi zinazokumbuka ugonjwa fulani.

Nguvu ya kinga ya seli haifanani kwa watu wote. Hupungua kadiri umri unavyosonga, na huathiriwa na utapiamlo pamoja na baadhi ya dawa na magonjwa. Ndiyo maana wazee na wenye magonjwa sugu hupewa kipaumbele katika chanjo.

Mwananchi afanye nini

Pima VVU ujue hali yako. Tangu mwaka 2016, Tanzania inatekeleza utaratibu wa kumwanzishia dawa kila anayegundulika kuwa na maambukizi, bila kusubiri CD4 zishuke. Huduma hiyo hutolewa bila malipo.

Ukiwa katika dawa, zitumie kila siku na uhudhurie kipimo cha wingi wa virusi kwa tarehe uliyopangiwa. Kuacha dawa kwa sababu unajisikia vizuri huwapa virusi nafasi ya kuzaliana na kubadilika.

Pata chanjo zinazopendekezwa na Wizara ya Afya, na ukamilishe dozi. Hakikisha watoto wanapata chanjo zote kwa mujibu wa kadi zao, ikiwamo BCG, ambayo hufanya kazi hasa kwa kuamsha kinga ya seli.

Ukiwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, kutokwa jasho usiku au kupungua uzito, nenda kituo cha afya ukapimwe kifua kikuu. Nacho hutibiwa bila malipo.

Ukiwa na dalili za ugonjwa wa njia ya hewa, vaa barakoa, nawa mikono kwa maji tiririka na sabuni, na ujiepushe na mikusanyiko hadi upone.

Inapotangazwa anuwai mpya, subiri na ufuate taarifa za Wizara ya Afya. Mabadiliko mengi katika orodha ya vinasaba hayamaanishi kwamba kinga yote imepotea. Kwa ushauri, wananchi wanaweza kupiga simu namba 199 bila malipo.

Jibu la swali lililoulizwa mwanzoni ni kwamba, kirusi kinapobadilika, sehemu ya kinga hupungua na sehemu kubwa hubaki, mradi seli zinazobeba kumbukumbu hiyo ziwe hai na zenye afya. Kuzilinda seli hizo kunaanza kwa kila mmoja kufahamu hali yake mwenyewe.